Moshi wa magari Mbeya: wenzetu wanawalipa wenye viwanda, sisi tunabaki na masizi

Mwalimu wa Ilomba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu bila kutukana.

Tarehe 1 Oktoba 2003 jiji la Tokyo na mikoa mitatu inayolizunguka walipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango chao cha masizi. Gari likishapita miaka saba tangu lisajiliwe mara ya kwanza, mwenyewe alikuwa na mawili: alifunge chujio la masizi lililoidhinishwa, au alitoe mjini. Gavana wao wa wakati ule, Shintaro Ishihara, alikuwa ameshawaonyesha waandishi wa habari chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli, meusi tii, ili waone wananchi wake wanavuta nini.

Sasa jiulizeni magari yale yalikwenda wapi. Hayakusagwa yote. Mengi yalipanda meli, na majina yake sisi tunayajua kuliko majina ya madiwani wetu: Fuso, Isuzu, Hino, Nissan Diesel. Simama Iwambi asubuhi uone magari ya umri ule yanavyopanda kutoka Mbalizi na mahindi ya Mbozi mgongoni. Gia namba moja, injini inalia, na bodaboda aliye nyuma hayuko tena, kamezwa na moshi.

Nafundisha shule iliyo jirani na barabara kuu. Vioo vya darasa langu vikifutwa Jumatatu, katikati ya wiki vimeshaota weusi. Si vumbi. Vumbi la kwetu ni jekundu, ukipitisha kitambaa cha maji linaondoka. Hili lina mafuta, linahamia kwenye kitambaa, kutoka kitambaa linahamia kwenye vidole, na bila sabuni halibanduki. Watoto wanakaa chini ya madirisha hayo kutwa nzima.

Kilichonisukuma kuandika ni kesi moja. Mwaka 1996 wagonjwa wa pumu wa Tokyo waliishtaki serikali yao, jiji, kampuni ya barabara za juu, na watengenezaji saba wa magari: Toyota, Nissan, Mitsubishi, Hino, Isuzu, Nissan Diesel na Mazda. Ikaisha kwa maridhiano Agosti 2007. Watengenezaji walilipa yen bilioni 1.2 kwa walalamikaji, na wakachangia yen bilioni 3.3 kwenye mpango wa matibabu ya pumu kwa watu wa Tokyo. Serikali nayo ikatoa fungu lake.

Kampuni zile zile. Injini zile zile. Mgonjwa wa Tokyo katibiwa, mgonjwa wa Mwanjelwa anajitibu.

Halafu angalieni mkono mwingine. Mwaka 2009, uchumi wa dunia ulipoyumba, Japani iliwapa wananchi wake yen 250,000 kwa kila gari la miaka 13 na zaidi lililopelekwa kusagwa, mradi mtu anunue jipya lisilochafua sana. Ujerumani ikatoa euro 2,500 kwa gari, jumla euro bilioni 5. Marekani ikatenga dola bilioni 3 kwa mpango kama huo, mbali na mabilioni iliyowatumbukizia General Motors na Chrysler wasife. Hizo zote ni fedha za walipa kodi kwenda kwa wenye viwanda vya magari, nyingine zikipita mfukoni mwa mnunuzi.

Hoja yangu ni hii. Hata kwetu serikali inawabeba wenye viwanda. Magari yanayokuja vipande vipande kuunganishwa hapa Afrika Mashariki yanapewa ahueni ya ushuru, na kuna viwanda vya kuunganisha Kibaha na Kigamboni. Sipingi, vijana wapate kazi. Lakini unapomwachia mtu kodi, una haki ya kumwekea sharti. Sharti la moshi liko wapi?

Karibuni. Wenye malori msije na mapanga.

---

kijana wa Kabwe

Natia nanga hapa, nawasubiri wenye semi.

---

Suka wa Tunduma

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma yote, nina miaka mingi kwenye usukani, na nakwambia kwa heshima: hayo mambo ya Tokyo yaache Tokyo.

Mimi naendesha lori la mtu. Tajiri kalinunua likiwa limetumika kwa sababu jipya haliwezi, na riba ya benki zetu mnaijua. Likitolewa barabarani kwa sababu ya moshi, anayelala njaa si Mitsubishi. Ni mimi, utingo wangu, na mama anayetupikia ubwabwa Igurusi. Wajapani walipofukuza malori, serikali yao iliweka hela mezani ya kusaidia kufunga machujio. Hapa ukisikia sharti, ujue ni faini. Atasimama mtu barabarani, atanusa ekzosi yako, atasema "dereva, moshi huu mzito", na wewe unajua anachotaka.

Na mbona mnasahau yale magari ya IT, yale ya kupita tu kwenda nchi jirani? Kila siku yanashuka kutoka bandarini kwenda Zambia na Kongo, yamechoka kuliko lori langu.

---

Mwalimu wa Ilomba

Marahaba, kaka. Hapo kwenye hela mezani umenisaidia, maana ndiyo hoja yenyewe. Wenzetu walilipia mabadiliko. Sisi tukisema tusafishe, tunamwangalia dereva. Ruzuku yao ilikwenda kwa mtengenezaji na mnunuzi, uchafu ukaja kwa mtu wa tatu ambaye hakukaa kwenye kikao.

---

Sista Kifua

Mwalimu, shikamoo kama ni mkubwa, na kama ni mdogo basi marahaba. Nimestaafu, miaka yangu mingi niliifanya wodi ya kifua, acha niseme kidogo kuhusu kinachotokea mwilini. Naona wengi wakisikia moshi wanafikiria kikohozi tu.

Ule moshi mweusi mnaouona si sehemu mbaya zaidi. Chembe kubwa zinanaswa puani na kooni, unapenga, unatema, zimetoka. Wabaya ni wale wasioonekana, chembe za PM2.5, ambazo upana wake ni kama sehemu moja ya thelathini ya unywele wa kichwani. Hizo zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale damu inapobadilishana hewa, na nyingine zinavuka kuingia kwenye damu yenyewe. Mishipa inavimba kwa ndani, damu inakuwa rahisi kuganda. Ndiyo maana kwenye hesabu za Shirika la Afya Duniani, wengi wanaouawa na hewa chafu ya nje wanakufa kwa moyo na kiharusi, kifua kinafuata. Kwa mwaka 2019 walikadiria vifo milioni 4.2 duniani kwa hewa ya nje peke yake.

Juu ya chembe kuna naitrojeni dayoksaidi, hiyo inawasha njia za hewa na ni adui mkubwa wa mwenye pumu. Kuna kaboni monoksaidi, inang'ang'ania damu na kumnyima mtu oksijeni. Kuna benzini, ya saratani. Na moshi wa dizeli kwa ujumla wake, tangu Juni 2012 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi moja na tumbaku.

Walifanya jaribio London, likachapishwa 2007. Walichukua watu wazima 60 wenye pumu ya kawaida, wakawatembeza saa mbili Oxford Street, mtaa wa mabasi na teksi za dizeli. Siku nyingine wakawatembeza saa mbili Hyde Park, kwenye miti, hatua chache tu kutoka pale. Watu wale wale. Siku ya Oxford Street mapafu yao yalipungua nguvu kuliko siku ya bustanini. Saa mbili tu. Sasa mfikirie mama anayeuza ndizi pale Mafiat kuanzia alfajiri.

Na watoto wasikieni zaidi. Watafiti wa California walifuatilia watoto kwa miaka, wakaona waliokua ndani ya nusu kilomita kutoka barabara kuu mapafu yao hayakukua sawasawa na ya wenzao wa mbali. Pafu lisilotanuka utotoni halirudishiwi ukubwani. Jambo la kutia moyo ni kwamba hewa ya kule ilipoboreka, watoto waliofuata mapafu yao yalikua vizuri zaidi. Kwa hiyo inawezekana.

---

Mbishi Mstaarabu

Sista nakuheshimu, ila tuwe wakweli. Mwanamke wa Rungwe anapuliza kuni jikoni tangu yuko binti. Moshi wa jikoni unaua Watanzania wengi kuliko fuso zote za Mbeya. Hizi habari za hewa ya magari ni mambo ya waliokwishashiba.

---

Sista Kifua

Mwanangu, hujakosea kuhusu jikoni, nimewahudumia akina mama hao mpaka nikachoka. Lakini pafu halina mlango wa kuni na mlango wa dizeli. Yule mama wa Rungwe akishapuliza kuni alfajiri, saa mbili yuko Uyole na karai la parachichi, anavuta ya magari. Inajumlishwa.

Kwa jikoni angalau serikali imeweka mkakati: asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kuna lengo, kuna mwaka, kuna ruzuku ya mitungi. Ungeniuliza mimi, ningetaka karatasi kama hiyo ya ekzosi.

---

Mbishi Mstaarabu

Sawa mama, nimekusikia. Bado nasema kuni kwanza.

---

fundi wa Ilemi

Wakuu, mimi niko chini ya magari kutwa, niwaeleze kitu ambacho hakuna aliyekitaja. MASEGA.

Gari la petroli la Mjapani linakuja na masega kwenye ekzosi. Ukilifungua ni kama kauri yenye vitundu vingi, na ndani yamepakwa platinamu, paladi na rodi. Kazi yake, ile gesi mbaya ikipita yakiwa ya moto inageuzwa kuwa isiyo na madhara makubwa. Ndiyo sababu petroli yenye risasi ilibidi iondoke, risasi inaua masega. Kusini mwa Sahara tuliiacha kufikia Januari 2006, kwa hiyo hakuna kisingizio tena, masega yangefanya kazi hapa kama yanavyofanya Osaka.

Tatizo ni hili. Madini yale yana bei. Kuna wanunuzi wanapita gereji hadi gereji kuulizia masega. Mteja analeta gari "halivuti", fundi anamwambia masega yameziba, yatolewe. Mara nyingine kweli yameziba, kwa sababu injini inakula oili na mteja hataki kubadilisha ringi. Mara nyingine hayana shida yoyote. Bomba linakatwa, masega yanaingia kwenye kiroba, mahali pake panachomelewa bomba tupu. Gari linapata sauti, mteja anafurahi, anasema sasa linavuta. Taa ya cheki injini ikiwaka kwa sababu sensa imestuka, inafunikwa au balbu inatolewa.

Gari hilo halitatoa moshi wa kuonekana. Trafiki hataona kitu, wewe nyuma yake hutaona kitu. Utasikia tu harufu kali inayochoma macho. Hayo anayosema Sista, ya gesi zisizoonekana, ndiyo hayo.

Dizeli ni hivyo hivyo. Malori ya miaka ya karibuni yana chujio la masizi, likijaa linayachoma masizi yake lenyewe gari likiwa kwenye mwendo mrefu. Huku kwetu ikija dizeli mbovu au gari likazunguka mjini tu, linaziba, na dawa ya fundi wa kibongo ni kulitoboa kwa nondo. Mjapani kaweka hela ya walipa kodi wake kwenye kile kichujio, sisi tunakitoboa kwa nondo. Mwalimu, hiyo nayo iweke kwenye hesabu yako.

Na kwa wasiojua rangi. Moshi mweusi ni mafuta mengi hewa kidogo: eyaklina (kichujio cha hewa) imejaa vumbi, nozeli za kupulizia mafuta zinakojoa badala ya kupuliza, au pampu imefunguliwa kupita kiasi ili lori "liwe na nguvu" mlimani. Wa bluu ni oili. Mweupe usioisha hata gari likipata moto, angalia maji yanaingia kwenye silinda. Kwa Mbeya mjue tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Dizeli ya zamani isiyo na tabo (ya kusukumia hewa kwenye injini), iliyopimwa pampu yake Dar, ikifika huku lazima ifuke. Inatakiwa ipunguzwe mafuta. Nani anapunguza? Dereva atalia lori limekuwa zito.

---

kijana wa Kabwe

Fundi kumbe mnatuibia masega 😂

---

fundi wa Ilemi

Siyo wote, dogo. Ukileta gari omba upewe ulichotolewa. Ukiambiwa "kile kilikuwa kibovu nimetupa", umeshaliwa.

---

Mhehe wa Ipogolo

Kamwene wana jamvi. Iringa mjini tumeshukuru Mungu katuweka kilimani, upepo unapiga. Shida yetu iko Kitonga. Lori moja likiharibika kwenye kona, foleni inasimama, na hakuna dereva anayezima injini. Mabasi, semi, magari madogo, wote wananguruma kwenye lile bonde, miamba upande huu, korongo upande ule. Abiria wanafunga madirisha, joto likizidi wanafungua, kikohozi kinaanza siti za nyuma. Na wale vijana wanaouza vitunguu na karanga pale wako hapo hapo kila siku.

Kushuka nako kuna harufu yake, breki. Hiyo hata gari la umeme litakuwa nayo.

---

Suka wa Tunduma

Mhehe, huzimi kwa sababu ya upepo wa breki. Ukizima na una sehemu inavuja, upepo unaisha, breki zinajifunga, halafu foleni ikitembea wewe ndiye unaziba njia. Na betri ikiwa chovu huwashi tena. Tunduma ni hivyo hivyo, foleni ya mpakani unasogea urefu wa gari moja, unasubiri, unasogea. Serikali ikitaka kupunguza moshi Tunduma iharakishe karatasi za mpakani, hiyo haihitaji teknolojia ya Ulaya.

---

Mwalimu wa Ilomba

Hii ya Suka ndiyo hoja safi kuliko zote tangu tuanze. Nimeiandika.

---

muagizaji wa magari

Niongelee kodi kidogo maana ndiyo riziki yangu. Watu wanadhani serikali haifanyi chochote kuhusu magari chakavu. Gari dogo la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu, likivuka 10 ni asilimia 30. Juu ya hapo kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kodi ya ukubwa wa injini, na VAT asilimia 18.

Kwa nini basi mitaa imejaa magari ya 2003? Kwa sababu yote ni asilimia ya thamani. Mfano tu wa hesabu: gari lenye thamani ya milioni 5, uchakavu wake asilimia 30 ni milioni moja na nusu. Gari la milioni 20 halilipi uchakavu, lakini ushuru wa forodha peke yake ni milioni 5. Mteja atachukua lipi? Kodi inapima umri na bei. Ekzosi haipimi kabisa. Gari la 2012 lililotolewa masega na la 2012 lenye masega yake, mbele ya kodi ni ndugu pacha.

Kenya wao wameweka mwisho miaka 8, hakuna mjadala. Uganda walikata kwenye 15. Ethiopia mwaka 2024 wamezuia kabisa kuingiza magari ya watu binafsi ya petroli na dizeli, wanataka ya umeme. Sisi hatuna ukomo, una hela yako unaleta la babu yako.

Na Mjapani hauzi kwa bei ya chini kwa sababu anatupenda. Kwao gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi ni ghali. Likizeeka ni nafuu kulitupa. Sisi ndio jalala lenye kulipa nauli ya takataka.

---

Mbishi Mstaarabu

Mwalimu, nirudi kwenye hoja yako ya ruzuku. Unasema serikali za wenzetu ziliwapa wenye viwanda hela wakasafisha hewa. Mbona Volkswagen walipewa kila kitu na wakadanganya?

---

Mwalimu wa Ilomba

Swali zuri, na linakuja upande wangu kuliko unavyofikiri.

Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliwatangaza Volkswagen kwamba waliweka programu kwenye magari ya dizeli inayotambua gari likiwa kwenye kipimo. Likipimwa, linajisafisha. Likitoka barabarani, naitrojeni oksaidi inapanda hadi mara 40 ya kiwango. Magari kama milioni 11 duniani. Na jimbo la Lower Saxony la Ujerumani lina asilimia 20 ya kura kwenye kampuni hiyo hiyo. Serikali ilikuwa imekaa kwenye bodi ya aliyekuwa anawachafulia watu wake.

Ulaya yenyewe ndiyo iliyoitafuta dizeli. Uingereza mwaka 2001 ilipanga kodi ya magari kwa kuangalia kaboni dayoksaidi, na kwa kuwa dizeli inatoa pungufu, watu wakahamia dizeli kwa mkupuo. Masizi na naitrojeni hazikuwa kwenye hesabu. Miaka kumi na kitu baadaye mtoto wa miaka tisa, Ella Kissi-Debrah, aliyekuwa akiishi jirani na barabara ya South Circular ya London, alikufa kwa pumu, Februari 2013. Mama yake alipigania uchunguzi mpya, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo hicho. Ni mara ya kwanza Uingereza kuandika hivyo kwenye cheti cha kifo.

Kwa hiyo sisemi ruzuku inasafisha hewa. Ruzuku inafuata unachokipima. Wakipima kaboni watapewa kaboni. Wakipima kwenye maabara tu, watasafishiwa maabara. Obama Mei 2009, viwanda vya magari vya Detroit vikiwa vimempigia magoti, alisimama na wakuu wa kampuni hizo akatangaza kiwango kipya cha matumizi ya mafuta kwa nchi nzima. Wasingekubali kirahisi kama wasingekuwa wanadaiwa. Huo ndio wakati wa kuweka sharti, mtu akiwa anahitaji mkono wako.

Kwetu wakati huo ni huu, viwanda vya kuunganisha ndivyo vinaanza kuota. Dizeli ya kiwango kizuri tunayo, Afrika Mashariki tulishuka hadi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni tangu Januari 2015, machujio yanaweza kufanya kazi. Tusije tukajenga kiwanda cha kuunganisha magari ambayo Ulaya yasingeruhusiwa kuwashwa.

---

mtu wa Makambako

Mnazungumza malori mnasahau reli. TAZARA inapita hapa, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita kwa makaburu wa Rhodesia na Afrika Kusini. Leo shaba inapita kwa malori, na reli ina majani. Wachina wamesaini tena kuifufua, tutaona. Lakini kichwa kimoja cha treni kinachukua mzigo wa semi kibao kwa dizeli kidogo kwa kila tani. Kama kuna ruzuku ya kutoa, mimi ningeipeleka pale kabla ya kumpa mtu wa magari hata shilingi.

---

Suka wa Tunduma

Na sisi madereva tuende wapi, tukawe makuli wa stesheni?

---

mtu wa Makambako

Mzigo wa stesheni hadi ghalani nani ataubeba, kaka? Utalala nyumbani kila siku, shemeji atashangaa.

---

Sista Kifua

Jambo moja la haraka kabla sijalala, maana baridi imeingia. Juni na Julai asubuhi hapa Mbeya hewa baridi inakaa chini kwenye bonde na ya vuguvugu inaifunika juu. Mnaona wenyewe ule utando kati ya Loleza na mji, hauondoki hadi jua likolee. Moshi wa alfajiri unabaki hapo hapo tulipo. Mwenye pumu asikimbie mazoezi kando ya barabara kuu saa hizo, apite mitaa ya ndani, hata nyumba chache kutoka lami kuna nafuu. Dawa ya kuvuta iwe mfukoni, isiwe kabatini. Mtoto anayekohoa usiku kila wakati hata kama hana homa, mpelekeni akapimwe, msimpe dawa za kikohozi za dukani miezi nenda miezi rudi. Na barakoa ya kitambaa haizuii zile chembe ndogo, msijidanganye.

---

Mwalimu wa Ilomba

Asante sana mama.

Naandaa barua kwa mbunge kabla vikao vya bajeti havijaanza, kwa sababu sheria ya fedha ndiyo inayobadilisha kodi hizi kila Julai. Nimeweka matatu: ahueni ya ushuru kwa viwanda vya kuunganisha iendane na kiwango cha ekzosi; kodi ya uchakavu ipime moshi pamoja na umri, na gari lililokatwa masega lisipite; na sehemu ya hiyo kodi ya uchakavu irudi kama mkopo nafuu kwa wenye malori wanaotaka kubadilisha, ili Suka asinilaani. La mpakani nimeongeza chini. Mwenye kutaka kuisoma aje inboksi.

---

muagizaji wa magari

La pili litaniumiza mimi, lakini litume. Ila hakikisha wanapima kwa mashine, siyo kwa pua.

---

Mbishi Mstaarabu

Ongeza na la kuni, nitasaini.

---

Suka wa Tunduma

Mimi la tatu nasaini hata leo. Fundi, lori langu linafuka jeusi likishika Mlima Nyoka, eyaklina nimebadilisha juzi. Ni pampu au nozeli?

---

fundi wa Ilemi

Lazima nozeli zishushwe zipimwe kwenye mashine, kwa macho siwezi kukwambia. Lete Jumanne, ulilaze hapa usiku mmoja, asubuhi niliwashe mwenyewe likiwa la baridi nione rangi ya kwanza. Na usimwambie tajiri kwamba litapungua nguvu, mwambie litapungua kula mafuta.

---

Suka wa Tunduma

😂😂 Hapo umemjua tajiri. Jumanne nina safari ya Kasumulu, nije Alhamisi?

---

fundi wa Ilemi

Alhamisi sawa. Njoo na oili yako.